Nukta na Zamu ya Ishirini na Saba

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, mhariri mkuu msaidizi wa Taarifa Rasmi za Bunge letu anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili lake ana majina matatu marefu. Kwenye korido zetu ana moja tu: Nukta. Hata walinzi wa lango la nyuma wanamwita hivyo, na mwaka juzi barua kutoka wizarani ilimfikia ikiwa imeandikwa juu ya bahasha, "Bi. Nukta, Ghorofa ya Pili."

Mimi nimekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe iliponiomba niandike wasifu huu ilinipa masharti mawili: usiwe mrefu, na uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini siwezi kuandika habari za dada huyu nikaruka jambo la miaka minne iliyopita.

Kwa wasiowahi kupanda ghorofa yetu, niseme kwanza tunafanya nini. Tunaandika kila neno linalosemwa bungeni. Waandishi wanapokezana: mmoja anasikiliza dakika kumi, anaandika, anampisha mwenzake. Dakika kumi hizo tunaziita zamu, na kila zamu ina namba yake. Mhariri anazikusanya, anazisahihisha, anazipanga, namba zinafutwa, na siku nzima ya Bunge inakuwa kitabu. Kilichomo kitabuni ndicho Bunge lilichosema. Kisichomo, hakikusemwa.

Aliingia hapa akiwa mpiga chapa wa miaka ishirini na sita. Jina la Nukta alilipata mwaka wa tatu, alipomrudishia ukurasa mwandishi mmoja mkongwe, mtu mzito wa mwili, aliyelazimika kupanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa. Alifika juu anahema.

"Yaani umenipandisha huku kwa nukta moja?"

"Nukta ndiyo inayomwambia msomaji kwamba mheshimiwa amenyamaza," akamjibu. "Bila hiyo, bado anaongea."

Yule mkongwe alicheka mpaka akakaa chini, na jina likabaki.

Wapo waheshimiwa waliomwogopa. Mmoja alikuja kulalamika kwamba taarifa imemsingizia. Yeye hajawahi kumwita mwenzake debe tupu. Nukta hakubishana. Alimvutia kiti, akamvalisha visikilizio, akampigia kanda. Mheshimiwa akasikiliza mara mbili, akavua visikilizio taratibu, akasema sauti ni yake lakini maneno si yake. Nukta akamwambia kwa upole kwamba ofisi yetu inahifadhi vyote viwili.

Miaka ishirini iliyopita alichaguliwa kwenda kwenye mkutano wa kwanza wa wahariri na wakutubi wa mabunge ya nchi zetu. Sisi tuliobaki tulisema ni safari ya chai na picha za pamoja. Alirudi bila picha hata moja. Alirudi na daftari lililojaa: jinsi wenzetu wanavyotengeneza faharasa ili mbunge apate hotuba ya mwaka jana kwa dakika tano badala ya siku tatu, jinsi wanavyoandika maneno ya lugha za mama yanaposemwa bungeni, jinsi wanavyomlinda mwandishi asishinikizwe na mwenye hotuba. Ndani ya mwaka mmoja nusu ya mambo yale tulikuwa tunayafanya, na tuliokuwa tunacheka tulijifanya tumeyazua sisi.

Kule mkutanoni alikutana na mkutubi wa Bunge la nchi jirani, bwana mrefu mwembamba ambaye wenzake walimpa jina la Rafu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mbali na rafu za vitabu. Walikubaliana kitu kidogo. Kila wiki Nukta angemtumia rasimu za zamu zetu kabla hazijawa kitabu, naye Rafu angetuma za kwao, ili kila upande ujifunze istilahi za mwenzake. Mmoja akisema "hoja ya dharura", mwingine amsome ajue ndiyo ile anayoiita "jambo la haraka". Basi. Kila Ijumaa tulimwona anafunga bahasha ya kaki, na kila Ijumaa mtu alitafuta la kusema. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza kama ndani ya ile bahasha kuna rasimu au kuna barua za mapenzi. Akasema, "Vyote ni maneno, lakini rasimu zina tarehe."

Sasa nifike pale.

Ilikuwa Jumanne, mchana, saa nane kasoro. Katibu wa Kamati ya Afya alipanda ofisini kwetu akiwa na mama mmoja, fundi cherehani, ambaye tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Alikuwa ameleta malalamiko kwenye Kamati. Kaka yake, kinyozi, alipata maradhi ya akili, akapelekwa hospitali. Baada ya miezi miwili madaktari wenyewe waliandika kwamba amepona. Lakini hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumtoa. Aliyesaini kumpeleka alihamishwa, aliyemrithi akasema si kazi yake, na hospitali ikasema sheria haiweki kikomo. Alikuwa amekaa wodini miaka sita.

"Nimemwambia sheria haina kikomo," katibu wa Kamati alisema, naye alikuwa ameshachoka. "Nimemwonyesha kitabu. Anasema kipo."

"Kipo, mama," yule fundi akamwambia Nukta. "Siku Bunge linapitisha ile sheria nilikuwa napiga pasi, redio iko wazi. Nilisikia kwa masikio yangu. Mgonjwa asizuiliwe zaidi ya siku thelathini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mbunge aliyasoma maneno hayo mara mbili, na waliokubali wakasema ndiyo. Wakati huo kaka yangu alikuwa mzima, sikuwa na sababu ya kuota."

Sheria ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Mtu anakumbukaje neno la redio la miaka kumi na moja? Mimi nilimwona ni mama aliyechanganyikiwa kwa uchungu. Nukta alimpa kiti, akashusha kitabu cha mwaka ule, akasoma ukurasa kwa ukurasa huku kidole kikitembea chini ya mistari. Hakukuwa na kitu. Mbunge mmoja anamaliza kuchangia, Mwenyekiti anaita kifungu kinachofuata. Maneno yalishonana vizuri, huwezi kuona mshono.

"Dada, hapa hakimo," akasema.

"Basi redio ilinidanganya?" fundi akauliza.

Kanda za mwaka ule hatukuwa nazo tena, maana bomba la ghorofa ya chini lilipasuka na kuloweka stoo nzima, tukatupa kanda kwa matoroli. Rasimu za zamu huwa tunaziteketeza baada ya miaka miwili. Kwa mtu mwingine yeyote jambo lingeishia hapo. Yeye alinyanyua simu akampigia Rafu. Aliweka sauti wazi ili aweze kuandika, kwa hiyo sote tulisikia.

"Kaka, zile bahasha zangu bado unazo?"

"Dada, mimi sijawahi kutupa hata karatasi ya kufungia sabuni. Unataka mwaka gani?"

Alimtajia tarehe. Tulisikia nyayo, droo ya chuma, karatasi zikipekuliwa, Rafu akihesabu kwa sauti: ishirini na nne, ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba. Halafu akaanza kusoma. Mbunge anasimama na karatasi aliyoiandika kwa mkono palepale. Anapendekeza kifungu kidogo kipya. Mgonjwa yeyote asizuiliwe hospitalini zaidi ya siku thelathini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Anakirudia kwa ombi la Mwenyekiti. Waziri anaafiki. Bunge linahojiwa. Waliokubali wanasema ndiyo. Kinapita.

Yule fundi alishika tepu yake kwa mikono miwili akaangalia sakafu. Katibu wa Kamati, aliyekuwa amesimama muda wote, akatafuta pa kukaa akakosa.

"Chini ya zamu ya ishirini na nane, ile ya mwisho, kuna herufi za jina la aliyekusanya siku ile," Rafu akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imepungua. "Dada, unataka nizisome?"

"Zisome."

Zilikuwa za Nukta mwenyewe.

Tulichokuja kukielewa ni hiki. Marekebisho yale hayakuwa kwenye jedwali la marekebisho lililochapwa kabla ya kikao, na karatasi ya mkono ilipotea siku ileile. Waandishi wa sheria, walipokuwa wanatayarisha nakala ya kutiwa saini, walitegemea kitabu chetu. Kitabu kilikuwa kimeruka zamu ya ishirini na saba. Ukurasa mmoja na nusu haukuingia, na kwa sababu haukuingia, sheria ikasainiwa bila kifungu ambacho Bunge zima lilikipitisha.

Baadaye nilimtazamia kalenda ya siku ile. Nilitaka kupata kitu: msiba, homa, mtoto mgonjwa, chochote cha kumtetea. Ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Bunge liliahirishwa mapema na kesho yake alikuja kazini kama kawaida. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Mtu makini kuliko sisi wote, siku isiyo na lolote, na kaka wa mtu anakaa wodini miaka sita.

Fundi alipoondoka nilifunga mlango. Sina sababu ya kujificha kwenye wasifu wa mtu mkweli, kwa hiyo naandika nilichomwambia Nukta. Nilimwambia tusubiri. Nilimwambia Kamati inaweza kuleta marekebisho mapya bila kueleza chanzo, kifungu kitarudi, kaka wa yule mama atatoka, na yeye atastaafu kwa heshima yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wengine?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Unadhani kinyozi yuko peke yake?"

Sikuwa nimefikiria kabisa.

Mume wa Nukta, dereva mstaafu mwenye utani mwingi, alinisimulia walivyozungumza jioni ile. Alimwambia, "Watakufukuza." Akajibu, "Wakinifukuza utanipikia wewe." Mzee akasema basi ajiandae kula mayai asubuhi, mchana na jioni, kwani ndiyo anayoyaweza. Wakacheka kidogo, halafu Nukta akaenda kupiga pasi nguo ya kesho yake.

Kesho yake Katibu wa Bunge alimwita. Mlango ulikuwa nusu wazi na sisi hatukuwa mbali.

"Kwa nini hukuninong'oneza kwanza, kabla ya kupiga simu nchi za watu? Sasa Bunge jingine linajua aibu yetu."

"Bosi, Bunge jingine ndilo lililoitunza. Sisi tuliitupa."

"Tuandike hitilafu ya uchapaji."

"Mashine haikukosea. Ni mimi."

Ijumaa aliingia mbele ya Kamati ya Afya. Rafu alikuwa amefika kwa basi la asubuhi, na ukurasa wenyewe ndani ya bahasha ileile ya kaki, ukiwa umegongwa muhuri wa Bunge lao na barua ya Katibu wao kuthibitisha kwamba ulipokelewa siku nne tu baada ya kikao. Nukta alisoma zamu yote kwa sauti. Kisha akasema, "Aliyekusanya ni mimi. Zamu hii niliiruka." Akakaa.

Mwenyekiti alijimiminia maji akanywa. Mheshimiwa mmoja anayejulikana kwa kuongea bila kualikwa alitazama dirishani. Yule fundi alikuwa kiti cha nyuma. Aliinuka bila kupewa ruhusa na hakuna aliyemzuia.

"Kwa hiyo redio haikunidanganya," akasema.

"Haikukudanganya, dada. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Nilitegemea yule fundi amtukane, au amkumbatie, kama watu wanavyofanya kwenye hadithi. Hakufanya hata kimoja. Alichukua mkoba wake akatoka.

Walimtafuta mbunge aliyeleta marekebisho yale. Alishindwa uchaguzi miezi michache baada ya sheria kupita, akarudi kufundisha hesabu. Walipomweleza, aliwauliza mara tatu kama wana uhakika. Halafu akasema, "Miaka kumi na moja najivunia kifungu ambacho hakipo. Wajukuu wangu nimewasimulia."

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mswada wa kurudisha kifungu ulipita hatua zote ndani ya wiki tatu, bila kura ya kupinga. Mahakimu waliingia wodi za hospitali zote. Waliokuwa wamepona na bado wamefungiwa walikuwa arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja. Orodha ilipoletwa ofisini, Nukta aliisoma jina kwa jina, kidole chini ya mistari, kama anavyosoma kila kitu. Alipomaliza alikwenda kunawa uso, akarudi akaomba zamu za siku ile azipange.

Kinyozi alitoka Jumatatu. Dada yake alikuja mara moja tu tena hapa, kuchukua nakala ya sheria yenye kifungu. Nukta alimkabidhi mwenyewe, akamwambia pole, akamwambia hana neno lingine. Fundi akajibu, "Sijui kama nimekusamehe, mama. Lakini usiku nalala." Hatujamwona tena, na Nukta hajawahi kutuomba tumtafute ili apate jibu lililo bora zaidi.

Alipewa barua ya onyo kali, na nafasi ya mhariri mkuu, ambayo sote tulijua ni yake, ikaenda kwa mwingine. Mhariri mkuu wetu wa sasa ndiye wa kwanza kusema hivyo, tena mbele ya watu.

Lakini lililofuata ndilo lililotuacha midomo wazi zaidi. Miezi mitatu baadaye mtandao wa wahariri na wakutubi wa mabunge ulikutana. Nukta aliomba nafasi ya kuzungumza. Tulijaribu kumkanya: aibu ya nyumbani haianikwi uani kwa jirani. Alisimama mbele ya wajumbe wa mabunge tisa akaeleza kosa alilofanya, kwa tarehe na kwa namba ya zamu. Akaomba jambo moja: kila bunge limchague mwenzake, limtumie rasimu za kila siku, na mwenzake asisome maneno tu. Ahesabu zamu.

Walikubali, nadhani zaidi kwa kumhurumia. Kisha wakaenda kwao wakahesabu za nyuma, zile zilizobaki kwenye bahasha na makabati. Bunge moja likakuta limeruka zamu mbili kwenye sheria ya maji. Jingine likakuta hotuba imeingia mara mbili na kura haikuingia kabisa. La tatu, lenye ofisi ya kisasa ambayo sote tuliionea wivu, likakuta kurasa kumi na moja. Barua zilianza kuingia kwenye meza yake moja baada ya nyingine, zote zikianza kwa namna ileile: hatukujua. Kila bunge lilikuwa limekaa miaka likidhani wenzake hawakosei.

Leo ni mabunge kumi na manne yanayohesabiana zamu. Sheria saba zimesahihishwa. Waandishi wa sheria hawatii muhuri nakala yoyote mpaka bunge mwenza lithibitishe hesabu, na Katibu wetu, yule aliyetaka iitwe hitilafu ya uchapaji, ndiye aliyeandika kanuni hiyo na kuitetea kwenye mkutano wa makatibu. Mimi nilikuwa nadhani nguvu ya Bunge iko kwenye ukumbi mkubwa, kwenye rungu na joho la Spika. Siku hizi naiona pia kwa bwana mwembamba wa nchi nyingine, asiye na sababu ya kutuficha wala kutubembeleza, anayehesabu karatasi zetu.

Nukta anaondoka akituachia waandishi vijana wanane aliowafundisha, faharasa ya miaka thelathini, na ghorofa nzima yenye tabia ya kurudi nyuma kuhakikisha. Mzee wake amemwahidi kumtembeza kila mahali alikowahi kupeleka abiria. Binti yao, muuguzi, anahitaji mtu wa kumlea mjukuu wa pili. Na mtandao wa mabunge umemwomba afundishe wahariri wapya mara mbili kwa mwaka. Ameukubalia, kwa sharti kwamba somo la kwanza liwe zamu ya ishirini na saba.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea Jumatatu aipitie. Ilirudi baada ya nusu saa. Alikuwa ameongeza koma mbili, amekata sifa tano alizosema hazina ushahidi, na mahali nilipoandika "kosa lililotokea" alipiga mstari, juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu "kosa alilofanya". Nimeacha alivyoandika.

Kwa niaba ya wote wa Ghorofa ya Pili, asante sana, dada yetu. Mungu akupe afya, akutunzie mzee na wajukuu, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi.